Kichwa cha kaa kiko wapi?



Kila aliyefundisha sayansi katika shule za msingi za kwetu analijua swali hili. Watoto wameenda kijitoni, wamefunga maji kwa udongo na majani, wameyachota kwa sufuria mpaka chini pamebaki matope, kisha wanarudi na samaki wadogo na kaa wawili watatu. Wanamgeuza kaa huku na huku. "Mwalimu, kichwa yake iko wapi?" Macho yapo, mdomo upo, lakini shingo hakuna, na juu ya shingo isiyokuwepo hakuna kitu. Nataka kulijibu vizuri leo, maana kwetu swali la kichwa si la kaa peke yake. Linafika kwa wafalme, na kutoka kwa wafalme linafika kwenye karatasi za msitu huu tunamokaa.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Kaa wa vijito vyetu ni wa jenasi ambayo wataalamu wanaiita Potamonautes, yaani kaa wa Afrika wa maji matamu. Huyu hahitaji bahari hata siku moja. Kaa wa baharini hutaga mayai maelfu kwa maelfu, na watoto wake huelea majini wakiwa na sura isiyofanana kabisa na ya mama. Wa kwetu hutaga mayai machache na makubwa, anayafunika chini ya tumbo kwa ule mkia wake mpana uliokunjwa, na yanapopasuka wanatoka kaa kamili, wadogo kama punje. Mama anaendelea kuwabeba kwa muda. Ukimkamata kaa jike, mfunue kidogo tumboni kabla ya kumtia sufuriani.

Sasa kichwa. Kipo, ila kimeungana na kifua chini ya gamba moja. Ubongo wake ni mdogo sana na uko mbele, karibu na macho. Lakini fundo kubwa zaidi la neva liko kifuani, upande wa chini, na kutoka hapo neva zinatawanyika kwenda kwenye kila mguu na kila gando kama spoki za baiskeli. Ubongo na fundo hilo vinaunganishwa kwa nyuzi mbili zinazopita kushoto na kulia mwa koo. Mlinganishe na kamba: mafundo ya neva ya kamba yamepangwa moja moja kwa mstari mpaka mkiani. Kaa ameyakusanya yake mahali pamoja. Kwa hiyo anayesema kaa ni mnyama aliyesambaratika kwa sababu haonyeshi kichwa, hajamfungua. Hata kutafuna anatafunia tumboni, kwa meno magumu yaliyo ndani ya tumbo lenyewe! Na adui akimshika mguu, anaweza kuukata mwenyewe penye kiungo chake maalum, akaenda zake, na mguu mwingine ukaota polepole kila anapojivua gamba.

(Nikiwa bado jikoni: kaa asiliwe mbichi wala nusu mbichi. Kuna mnyoo wa mapafu, Paragonimus, anayepatikana Afrika ya magharibi na ya kati, anayepitia kwa kaa. Mgonjwa anakohoa damu na watu wanadhani ni kifua kikuu. Pikeni mpaka aive kabisa.)

Kuna jambo lingine juu ya kaa wa mito yetu ambalo naona kila mhitimu wa Ituri angepaswa kulijua. Ugonjwa wa upofu wa mito, onkoserkozi, unaenezwa na usubi, wale nzi wadogo weusi wanaouma. Mmoja wao anaitwa Simulium neavei. Watu walijua mahali ambapo usubi wengine wanakulia: juu ya mawe na majani katika maji yanayokwenda kasi. Lakini watoto wa huyu hawakuonekana huko. Ilikuwa mpaka mwaka 1950 ndipo watafiti wawili waliofanya kazi Kenya, van Someren na McMahon, walipotangaza kwamba wamewakuta: walikuwa wameshikilia mwilini mwa kaa. Kaa anatembea, wao wako juu yake. Waliotafuta hawakukosa akili. Walitafuta mahali walipozoea kukuta. Mniwekee jambo hili akilini, nitalirudia kwa njia nyingine.

Hadithi nazo zina jibu lao juu ya kichwa. Kuanzia Afrika ya Magharibi mpaka Kongo inasimuliwa, kwa namna nyingi, kwamba Muumba alikuwa akiwaumba wanyama, akamwambia kaa arudi kesho kuchukua kichwa. Kaa akaanza kujisifu. Akaita wanyama wote waje waone atakavyokuwa mkubwa kuwashinda wao. Muumba alipozisikia hizo sifa, akamwacha vile vile alivyo, macho yakabandikwa kwenye kifua, na tangu siku ile kaa anatembea kwa upande kwa haya. Angalieni lile lililomo ndani ya hadithi: kichwa na ukubwa ni kitu kimoja. Asiye na kichwa ameadhibiwa. Asiye na kichwa ana upungufu.

Wagiriki wa kale walimpa kaa nafasi ndogo lakini nzuri. Herakles alipokuwa akipigana na joka la vichwa vingi, alikuja kaa mmoja, aliyetumwa na mungu mke Hera, akamuuma mguuni. Alikanyagwa akafa, na Hera akamweka angani, ndiye nyota ya Saratani. Mfalme aliyekuwa akimtuma Herakles kwenye kazi hizo zote, Eurystheus, anakumbukwa kwa jinsi alivyojificha ndani ya mtungi mkubwa kwa woga. Kati ya hao wawili, mimi ningemweka angani kaa vile vile.

Hadithi ninayoipenda zaidi inatoka Japani. Mwaka 1185, katika vita vya majini vya Dan-no-ura, ukoo wa Taira, unaoitwa pia Heike, ulishindwa kabisa. Mfalme wao alikuwa mtoto wa miaka 6, Antoku, na bibi yake alijitupa naye baharini asije akatekwa. Katika bahari hiyo wako kaa wadogo ambao mgongo wao una mikunjo inayofanana na uso wa mtu aliyekasirika, na watu walisema ndizo roho za askari wa Heike. Katika karne ya 20 mwanabiolojia Julian Huxley, na baada yake Carl Sagan, walieleza hivi: wavuvi waliwarudisha majini kaa wenye sura ya askari, wakawala wasio na sura hiyo, na kwa mamia ya miaka wenye uso wakabaki wengi. Maelezo matamu sana. Shida ni kwamba kaa hao wana upana wa sentimita tatu hivi, hakuna anayehangaika kuwala, na mtaalamu Joel Martin aliandika mwaka 1993 kwamba ile mikunjo ni mahali misuli inapojishikiza ndani ya gamba. Kaa wa jamaa hiyo wanayo hata katika bahari ambako hakuna mfalme aliyezama. Uso uko machoni pa anayetazama.

Ndiyo tabia yetu binadamu. Tukiona kundi, tunatafuta mkubwa wake. Nyuki ndio mfano mkubwa, na sisi watu wa asali ya msituni tunawafahamu. Aristotle aliita yule mkubwa wa mzinga mfalme. Shakespeare naye, katika mchezo wake juu ya Henry V, anawapa nyuki mfalme na maofisa wake. Mwaka 1609 Mwingereza Charles Butler alitoa kitabu chote kusema kwamba huyo ni jike, basi tukabadilisha cheo tu, tukamwita malkia. Kumbe hata malkia hatoi amri. Kazi yake ni kutaga. Kundi la nyuki likihama na kutafuta shimo jipya la mti, wapelelezi ndio wanaokwenda kuangalia, wanarudi, na kila mmoja anacheza ngoma juu ya wenzake kuonyesha alikokuta. Aliyekuta shimo zuri anacheza kwa muda mrefu zaidi na kuvuta wengine waende kuangalia wenyewe. Wakikubaliana wa kutosha, kundi linaruka. Mjerumani Martin Lindauer ndiye aliyeligundua hilo, katika miaka ya 1950. Malkia anabebwa tu katika msafara.

Biblia, kwa wanaoisoma, haina haraka na wafalme. Mithali 30 inawasifu nzige ambao hawana mfalme na bado wanatoka wote kwa mpango. Na katika Waamuzi 9 Yothamu anasimulia miti iliyotaka mfalme: mzeituni ukakataa kwa sababu una mafuta yake ya kutoa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, wote walikuwa na kazi. Uliokubali ni mti wa miiba. Nimeisikia ikihubiriwa huku kwetu, katikati ya miti mikubwa kuliko yote ile, na watu wanacheka kweli kweli.

Sasa tuje kwa watu. Wataalamu wa jamii za watu wana neno la Kigiriki kwa jamii zisizo na mfalme wala chifu: "akefali", maana yake "isiyo na kichwa". Kaa yuleyule! Katika kitabu cha mwaka 1940 juu ya siasa za Afrika, Fortes na Evans-Pritchard waligawa jamii zetu mafungu mawili, zenye dola na zisizo na dola, na tangu hapo wanafunzi wengi wamesoma kama vile fungu la pili limekosa kitu. Ituri yetu ina mafungu yote mawili, na imechanganya mambo kuliko vitabu vinavyosema.

Chukua kaskazini, upande wa Mahagi na Djugu. Waalur walikuwa na watawala, rwoth, na jirani zao Walendu na Waokebo hawakuwa nao kwa namna hiyo. Aidan Southall, aliyeandika kitabu juu ya Waalur mwaka 1956, alieleza jambo la ajabu: mara nyingi utawala wa Waalur haukuenea kwa vita. Jirani walikuwa wanaenda kuomba mtoto wa rwoth, au hata kumchukua kwa nguvu kama wanamwiba, akae kwao, kwa sababu waliamini damu yake inaleta mvua, na kwa sababu mtu wa nje anaweza kukata kesi kati ya koo zinazolipizana kisasi. Yaani watu wasio na kichwa walijua kukiazima walipokihitaji. Sioni upungufu hapo. Naona watu waliokuwa na sababu.

Huku kusini, katika msitu, ilikuwa hivi: Walese, Wabira, Wandaka, Wabombo walikaa katika vijiji vidogo vya koo, kila kijiji na wazee wake. Neno lenyewe "sultani" tunalotumia lililetwa na Waswahili na Wangwana waliofuata pembe za ndovu katika karne ya 19. Stanley aliwakuta tayari humu msituni mwaka 1887. Kisha wakaja Wabelgiji, na dekreti ya mwaka 1910 ikataka kila mwenyeji awe katika sheferi, na kila sheferi iwe na mtu mmoja wa kujibu juu ya kodi na kazi. Aliyekubali alipewa medali. Vijiji vilivutwa kando ya barabara ili vihesabike. Sisemi kwamba masultani wote walikuwa mti wa miiba. Wako waliolinda watu wao vizuri, na wako leo. Nasema tu kwamba kichwa kilishonwa, hakikuota.

Leo teritwari ya Mambasa ina sheferi 7: Babila-Babombi, Babila-Bakwanza, Bandaka, Bombo, Mambasa, Walese-Dese na Walese-Karo. Hakuna hata moja yenye jina la Bambuti, ambao wapo katika msitu wa zote saba.

Bambuti ndio waliobaki mbali zaidi na habari ya kichwa. Wasomaji wengi duniani wanawajua kwa kitabu cha Colin Turnbull cha mwaka 1961, kilichoandikwa kutokana na maisha yake pale Epulu katika miaka ya 1950. Nina mashaka na Turnbull katika mengi. Alipenda mno, na mtu anayependa mno haoni vizuri. Lakini sura moja ni ya dhahabu. Katika uwindaji wa nyavu, familia nyingi zinaunganisha nyavu zao kwa nusu duara, na wanawake na watoto wanafukuza wanyama kuja ndani. Mwindaji mmoja alitega wavu wake kwa siri mbele ya nyavu za wenzake ili wanyama wamfikie yeye kwanza. Aligunduliwa. Kambini kelele zilikuwa kubwa, na alipobanwa akasema yeye si mtu hivi hivi, ni chifu wa kundi lake. Mzee mmoja akajibu kwa utulivu: Bambuti hawana chifu, basi kama yeye ni chifu, aende na kundi lake awe chifu mahali pengine. Ndiyo hukumu yote. Familia chache peke yao haziwezi kuwinda kwa nyavu, atakula nini? Aliomba msamaha, nyama zikachukuliwa kutoka kwake, na usiku uleule mtu alimpelekea chakula, naye akaja kuimba na wenzake. Hakuna hakimu, hakuna askari, hakuna faini ya mbuzi. Lile fundo kubwa la neva liko kifuani, halionekani.

Hapa ndipo penye shida ya kweli, na ndiyo iliyonifanya niandike. Sheria yetu ya mwaka 2008 juu ya miji na maeneo inaeleza sheferi kuwa jamii za kimila ambazo kichwani pake yuko chifu aliyeteuliwa kwa mila na kutambuliwa na serikali. Sheria ya mwaka 2015 inapanga hali ya machifu wa kimila. Ni sheria nzuri kwa wenye kichwa. Lakini mwenye mradi wa msitu, wa dhahabu, wa mbao, wa uhifadhi, akifika kambini, anauliza swali la mtoto yule: mkubwa wenu yuko wapi? Kambi haina jibu, naye hana muda. Anarudi barabarani, anamkuta sultani wa kijiji au kapita wake, na sahihi inapatikana. Au anamchukua kijana yeyote anayejua Kifaransa kidogo na kumwandika "chef de campement". Huo ni uso wa askari juu ya gamba la kaa.

Miaka michache iliyopita niliombwa kutafsiri katika mkutano wa namna hiyo, kambi moja ya barabara ya Epulu. Wenye mradi sitawataja. Kijana alisukumwa mbele, akatia sahihi, picha ikapigwa. Jioni, mama mmoja mzee alisimama akaanza kuongea, hakumtazama mtu. Alisema kuhusu mahali pa asali, na kijito ambacho wanawake wanafunga maji, na kwamba hakuna aliyewauliza wanawake. Wengine waliitikia, wengine wakambishia, mmoja akamwigiza kijana jinsi alivyoshika kalamu na watu wakacheka mpaka machozi. Iliendelea mpaka usiku sana. Asubuhi nilimuuliza mwenzangu mmoja wa kambini waliamua nini. "Sisi hatuna sultani," akasema, "tuko na pori. Ile karatasi ni ya kijana. Sisi bado tunaongea."

Kwa wale wenye mradi, mkutano ulikuwa umekwisha saa tisa mchana. Kwa kambi, ulikuwa haujaanza.

Tangu tarehe 15 Julai 2022 tuna sheria namba 22/030 juu ya kulinda na kuendeleza haki za watu wa asili Wambilikimo. Inataja haki yao juu ya ardhi na mali ya msitu wanamokaa, na kwamba wakubali kwa hiari, kabla, na wakiwa wamefahamishwa. Wenzetu waliosoma haki wanaijua kuliko mimi. Swali langu kwao ni dogo: neno "wakubali", katika kambi isiyo na kichwa, linaandikwa vipi? Mimi naona yafuatayo yanawezekana hata kesho, bila kungoja Kinshasa. Mkutano usiwe wa saa mbili. Anayekuja alale kambini usiku mmoja au mitatu, asikilize jioni, wakati wanawake wamerudi. Ajue kwamba kunyamaza si kukubali. Ajue kwamba watu wanahama, na waliopo msimu wa asali si wale tu aliowakuta barabarani. Na karatasi isiwe na mstari mmoja wa sahihi.

Hilo la mwisho nimeliona likifanyika mara moja, kwa kambi nyingine, baada ya mabishano. Mwenye karatasi alilalamika kwamba fomu haina nafasi. Tukamwambia ageuze upande wa nyuma. Wino wa mhuri ulizungushwa kutoka kwa mtu hadi kwa mtu mpaka ukakauka, watu wakatumia mkaa uliolowanishwa, na upande wa nyuma wote ukajaa vidole gumba, wanaume na wanawake, bila majina ya vyeo.